Nani Anaweza Kukiamuru Chombo cha Angani?

Februari 3, 1966, chombo cha Kisovieti cha Luna 9 kilitua mwezini, kikaanza kurusha picha. Kule Jodrell Bank, Uingereza, kundi la mwanaastronomia Bernard Lovell lilinasa mawimbi yake kwa darubini ya redio, likatambua kuwa mlio ule unafanana na wa mashine ambazo magazeti hupokelea picha. Wakaazima mashine moja kwa gazeti la Daily Express, wakaiunganisha, na uso wa mwezi ukatokea kwenye karatasi. Wasomaji wa Uingereza waliziona picha hizo kabla Moscow haijazitoa.

Hapakuvunjwa kufuli lolote. Wimbi likishatoka kwenye antena humfikia kila mwenye dishi na kipokezi kinachofaa, na vyombo vingi vya utafiti havina la kuficha. Kwa miaka mingi wapenzi wa redio wamepokea picha za hali ya hewa moja kwa moja kutoka setilaiti za NOAA za Marekani, tena kwa antena za kujitengenezea.

Kusikiliza, basi, si tatizo kubwa. Hatari iko kwenye amri zinazopanda kutoka duniani. Mwaka 2014 kundi la raia, kwa ridhaa ya NASA, lilitumia antena ya Arecibo, Puerto Rico, kuzungumza na ISEE-3, chombo kilichorushwa mwaka 1978. Walifukua nyaraka za zamani, wakazijua amri zake, wakazituma. Chombo kikatii, hata injini zake zikawaka. Hakikuuliza ni nani anayeamuru, kwa sababu hakikuundwa kuuliza.

Dawa yake inajulikana. Kila amri hubandikwa alama ya uthibitisho, inayokokotolewa kutokana na amri yenyewe pamoja na ufunguo wa siri ulio chomboni na kituoni. Ukibadilisha herufi moja, alama hailingani tena. Lakini hiyo peke yake haitoshi, maana mwizi anaweza kurekodi amri halali leo na kuirusha tena kesho. Kwa hiyo amri hupewa pia namba ya mfuatano, na chombo hutupilia mbali amri yenye namba ambayo kimekwisha kuipokea.

Kwa nini basi wahandisi wengine husita? Funguo zikivurugika, chombo hukataa hata amri za wamiliki wake, na hakuna fundi wa kupanda huko kukirekebisha. Tena si vyombo vyote vinavyohitaji sana sahihi hizo: chombo cha Voyager 2, kilicho mbali mno angani, kinalindwa zaidi na umbali wake, kwani antena pekee inayoweza kukitumia amri ni ile ya mita 70 iliyoko Canberra, Australia. Kwa setilaiti iliyo jirani na dunia, kinga hiyo haipo.

Hata hivyo, adui mwerevu hahangaiki na mawimbi. Alfajiri ya Februari 24, 2022, Urusi ilipokuwa ikijiandaa kuivamia Ukraine, wadukuzi walipenya mtandao wa ardhini unaosimamia huduma ya intaneti ya setilaiti ya KA-SAT, ya kampuni ya Viasat. Kutoka humo walituma amri za uharibifu kwa modemu za wateja, na makumi ya maelfu yakazimika. Huko Ujerumani, mitambo ya upepo ipatayo 5,800 ikapoteza usimamizi wa mbali, ingawa iliendelea kuzalisha umeme. Setilaiti yenyewe haikuguswa. Serikali na kampuni zinazonunua huduma za setilaiti zianze kwa kuuliza nani ana nywila za kompyuta za kituo cha ardhini.