Fahamu: Nani hulipwa unapopakua wimbo?

Katika vibanda vingi vya simu Afrika Mashariki, fundi huchomeka memori kadi kwenye kompyuta na kuijaza nyimbo kwa mamia. Hulipwa yeye; msanii haambulii kitu.

Njia halali ipo, hata kwa mpenzi wa muziki aliyeko Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu. Mdundo, huduma ya muziki mtandaoni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2013, huruhusu kupakua nyimbo bure: tangazo fupi husikika kwanza, na sehemu ya mapato ya matangazo humfikia msanii.

Na pale wimbo unapouzwa, je, ni haki kulipia faili lisiloshikika? Ndiyo. Studio na mpiga gitaa hudai fedha taslimu, hata kama nakala ya pili haigharimu chochote.

Ila mnunuzi naye aelezwe msanii hupata kiasi gani. Kabla hujalipa, uliza.