Mkuki mfupi na elimu ya hatua

Wageni wengi wanaofika makumbusho ya Kalenga, nje kidogo ya Iringa, huenda moja kwa moja kwenye fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mimi huanza na mikuki. Ndani ya mikuki hiyo kuna elimu nzima ya kupigana ana kwa ana, na inafanana na ile ya mchezo wa vitara tunaouona kwenye Olimpiki.

Katika vitara, kabla mwanafunzi hajafundishwa kupiga, hufundishwa kupima umbali. Shika fimbo, mwenzako naye ashike yake, msimame ncha zikiwa zinagusana. Hapo hakuna anayeweza kumfikia mwenzake bila kupiga hatua. Anayetanguliza mguu huku mkono umekunjwa huingia mwenyewe kwenye ncha ya mwenzake. Ndiyo maana mkono hutangulia, mguu hufuata.

Kwenye mikuki pia hesabu ni ya umbali. Mkuki wa kurusha hukuepusha na hatari ya kumkaribia adui, lakini ukishatoka mkononi si wako tena. Ukimkosa, umemwongezea silaha. Mkuki mfupi wa kuchomea haukuachi. Unachokudai ni kumsogelea adui mpaka uione mboni ya jicho lake, na hapo ndipo ngao inapofanya kazi. Ngao ya ngozi ya ng'ombe ni nyepesi. Ukikinga nayo pigo uso kwa uso, itatoboka. Unaishika mshazari ili ncha iteleze pembeni, na mkuki wa adui ukishapita ubavuni mwako, yeye yuko wazi. Kukinga na kuchoma vinakuwa tendo moja.

Ujuzi huu ulitoka kusini. Wangoni walioongozwa na Zwangendaba, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835, walikuja na mtindo wa Kizulu wa mkuki mfupi na vikosi vilivyopangwa. Wasangu, ambao nchi yao leo iko Mbarali mkoani Mbeya, walipambana nao, wakauiga. Wahehe nao, chini ya Munyigumba, baba yake Mkwawa, wakajifunza kutoka kwa Wasangu waliokuwa wakipigana nao. Shule ilikuwa vita, na mwalimu alikuwa adui.

Mtihani ulikuja Lugalo, katika nchi ya Wahehe, tarehe 17 Agosti 1891. Msafara wa kijeshi wa kamanda Mjerumani Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, ulikuwa ukipita kwenye vichaka katika mstari mrefu. Kwa mbali, bunduki zake zingeumaliza mkuki wowote. Lakini Wahehe walikuwa wamejificha hatua chache tu kutoka njiani. Walipochomoka, askari wenye bunduki za kutia risasi moja moja hawakupata nafasi ya kujaza tena. Bunduki iliyokwisha risasi, mbele ya mtu aliyekwisha kukufikia, ni rungu tu. Ndani ya dakika chache Zelewski na Wajerumani wengine tisa walikuwa wamekufa, pamoja na askari zaidi ya 200. Wahehe pia walipoteza watu wengi, kwa sababu hatua ile ya mwisho haivukwi bure.

Miaka mitatu baadaye ukaja mtihani wa pili. Mkwawa alikuwa na boma la mawe Kalenga, na ukuta ni kitu kizuri dhidi ya mikuki. Dhidi ya mizinga ulikuwa kinyume chake: uliwaweka Wahehe mahali pamoja na kumwachia Mjerumani achague umbali. Akachagua ule ambao mkuki haufiki. Boma lilianguka tarehe 30 Oktoba 1894.

Mkwawa alitoroka, na alilofanya baadaye linaonyesha kwamba alikuwa ameielewa hesabu ya umbali. Hakujenga ukuta mwingine. Alirudi porini, akawa anashambulia kwa kuvizia, kisha anapotea kabla bunduki hazijapangwa. Kwa miaka karibu minne yeye ndiye aliyeamua ni lini adui awe karibu na ni lini awe mbali. Tarehe 19 Julai 1898, Wajerumani walipokuwa wamekaribia kumfikia, alijipiga risasi. Hata hatua ile hakuwaachia waivuke.