Kompyuta ya Michezo: Umeme Uulizwe Kwanza



Vijana wetu wa Nakivale, na wenzao walio viwandani Mbarara, huchanga fedha ili kikundi kipate kompyuta moja ya michezo. Mchana wapige chapa barua za watu na kujifunza kazi, jioni wachezeshe kandanda kwa malipo kidogo. Ni jambo jema. Lakini fedha hizo ni jasho la miezi mingi, na dukani mnunuzi haulizwi umeme wake unatoka wapi. Sisi tunauliza.

Kompyuta ya mezani iliyoungwa kwa vipande, pamoja na kioo chake, mchezo ukipamba moto yaweza kula wati 200 au zaidi. Laptopu ya michezo ya bei nafuu hula kama wati 120. Sasa chukua betri ya sola ya volti 12, ampea-saa 100. Ukizidisha unapata wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi na asidi ikinyonywa kupita nusu mara kwa mara hufa mapema. Kwa hiyo halali yako ni 600, na inveta nayo hukata ushuru wake. Basi ya mezani itacheza saa mbili na nusu hivi, laptopu saa nne. Kwa kuandika barua tu, tofauti huzidi: laptopu yaweza kushuka hadi wati 30 au chini yake.

Kwa sababu hiyo, wanaotegemea sola twawashauri laptopu. Wasidanganyike tu kwamba itacheza vizuri bila waya: ikitegemea betri yake ya ndani hupunguza nguvu yenyewe.

Kwa aliye na umeme wa waya, na mashine haihamishwi, ushauri wetu hugeuka. Katika laptopu, kidude kinachochora picha za mchezo kimechomelewa kwenye bodi kuu. Kikiungua, mara nyingi kompyuta nzima imekwenda. Ya mezani hubadilishwa kipande kimoja. Ninyi wa viwandani mnajua thamani ya mashine inayofunguka. Njia ya bei ndogo ni kutafuta kompyuta iliyotumika ofisini na kuitia kadi ya picha kama GTX 1650 ya mwaka 2019, ambayo hula wati 75, na aina zake nyingi hazihitaji waya wa ziada. Pimeni kwanza sanduku, maana yale membamba ya ofisini hayapokei kadi ya kimo cha kawaida. Na tengeni fedha za yupiesi, kwa kuwa umeme ukikatika ya mezani huzimika papo hapo na kazi hupotea.

Kuna mtego mmoja katika laptopu. Jina RTX 3050 hubandikwa kwenye mashine ambazo kiwanda kimezipa wati 35 na pia zilizopewa 80. Jina ni moja, nguvu mbali kabisa. Ulizeni wati, msiulize jina peke yake.

Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji aendeshe mchezo nusu saa mfululizo mbele yenu. Ikizimika au ikianza kukwama kwa joto, ondokeni. Risiti iandikwe namba ya mashine na jina la kikundi, wala si jina la yule aliyetumwa na fedha.