Kabla ya Kumpa Kura, Mpandishe Mlima

Kila msimu wa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi tunasikia ahadi zilezile: bumu kutoka kwa wakati, intaneti bwenini, chakula kushuka bei. Mgombea anapimwa kwa dakika chache za kunadi sera. Akishinda anapelekwa semina ya siku moja, anapewa soda na cheti, kazi inaanza. Bumu likichelewa na wenzetu wakalala njaa, yeye simu hapokei. Tusidanganyane: mara nyingi hatuchagui kiongozi, tunachagua msemaji.

Mimi kwetu ni Ibaba, kata ya milimani wilayani Ileje, mkoa wa Songwe. Naamini milima kama ile inaweza kutuandalia viongozi kuliko ukumbi wa semina. Wazo hili si geni kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1952 ilianzishwa shule ya Outward Bound pale Loitokitok, Kenya, chini ya Kilimanjaro, na vijana wakapandishwa mlima ili wajifunze kuongozana. Shule ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Aberdovey, Wales, mwaka 1941, na mwasisi wake mmojawapo ni mwalimu Kurt Hahn. Mwaka 1965 mpanda milima Paul Petzoldt akaanzisha NOLS huko Wyoming, Marekani, shule ambayo baadaye ilifundisha hadi Kenya.

Sasa, msafara unamfundishaje mtu uongozi? Kwanza, cheo ni cha zamu. Leo unaongoza wewe, kesho mwingine. NOLS wanaugawa uongozi mara nne: kuna aliyeteuliwa kuongoza siku hiyo, kuna mfuasi anayeuliza na kusaidia badala ya kusubiri amri, kuna wenza wanaogawana kazi za kambi bila bosi, na kuna kujiongoza mwenyewe, yaani kunywa maji, kukausha soksi, kusema mapema kwamba umechoka. Chuoni tunaifahamu ile ya kwanza tu.

Pili, matokeo hayachelewi. Bajeti mbovu ya chama inaweza kugundulika mwakani. Mlimani ukigawa maji vibaya asubuhi, saa sita mchana kiu imefika, na wenzako wanakutazama usoni.

Tatu, kila jioni kuna mapitio. Mnakaa pamoja, kiongozi wa siku anaeleza kwa nini aliamua alivyoamua, wengine wanasema kilichowasaidia na kilichowakwaza. Mkiliacha hili, mmetembea tu.

Likizo iliyopita tulikuwa wanane kwenye vilima vya kwetu. Siku ya pili zamu ilikuwa ya binti wa mwaka wa kwanza, ambaye darasani humsikii. Asubuhi tulikubaliana kwamba saa nane mchana ndiyo mwisho wa kwenda mbele. Ilipofika, ukungu ulikuwa unashuka lakini kilele kilionekana karibu. Kaka mmoja, fundi wa maneno, akamwambia, "Dada, nusu saa tu tumefika." Akajibu, "Tulisema saa nane, kaka. Tunageuza." Tukarudi tumenuna. Jioni kwenye mapitio, mwenzetu mmoja akasema goti lilikuwa linamuuma tangu asubuhi na aliona aibu kusema. Yule kaka akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba yeye asingethubutu kuwaambia watu saba neno wasilolitaka.

Neno hilo ndilo tunalolihitaji ofisini: kumwambia mkuu wa chuo "hapana", au kuwaambia wanafunzi wenzako "hela hakuna". Sisemi mlima unamgeuza mwizi kuwa mwaminifu. Hesabu za chama bado zitakaguliwa. Wala nguvu za miguu si uongozi. Asiyeweza kupanda apangiwe njia fupi au kambi ya bondeni, kwa kuwa zamu na mapitio vinafanyika popote.

Anayetaka kujaribu aende Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekata, na abebe sweta nzito, maana usiku baridi haina utani. Mripoti kwanza kwa mtendaji wa kijiji, mchukue mwenyeji anayezijua njia, na kila mtu awe na kitambulisho, kwani ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi. Msitu wa hifadhi hauingiwi bila kibali cha TFS. Beba huduma ya kwanza, chemsha maji, na mwache chuoni mtu anayejua mnapita wapi na mnarudi lini. Anayetembea polepole zaidi akae mbele.

Ombi langu kwa chama: fedha ya semina moja ya hotelini iwapeleke wawakilishi kumi wa madarasa milimani siku tatu. Wakirudi, tuwaulize wenzao tisa kila mmoja aliongozaje zamu yake, ndipo tuzungumze habari za kura.