Kondo la Ng'ombe Lisipotoka

Kwa familia nyingi za Rungwe, Arumeru na Moshi Vijijini, ng'ombe mmoja wa maziwa bandani ndiye ada ya shule, sabuni na chumvi. Anayemhudumia mara nyingi ni mama. Ng'ombe akizaa na ndama akasimama, tunaona kazi imekwisha. La hasha! Wiki zinazofuata ndizo zinazoamua kama atashika mimba nyingine.

Kwa kawaida kondo hutoka ndani ya saa 12. Likiwa bado linaning'inia baada ya saa 24, limekwama. Hutokea zaidi ng'ombe akitupa mimba, akizaa mapacha, au akivutwa ndama kwa nguvu. Jirani atakushauri ulivute, au ulifungie jiwe lishuke kwa uzito. Usikubali. Kizazi huchanika, na vipande vinavyobaki ndani huoza. Osha sehemu za nje, weka matandiko makavu, kisha mpime joto kila siku kwa siku 10, kipimajoto kikiwa njia ya haja kubwa. Likivuka nyuzi 39.5, akaacha kula na kutokwa na majimaji mekundu-meusi yenye uvundo, mwite bwana mifugo siku hiyohiyo amchome antibiotiki. Maziwa ya siku za dawa yasiuzwe wala kunywewa mpaka muda atakaoutaja upite. Inauma kumwaga maziwa, najua.

Uteute wenye damu usionuka katika wiki mbili za mwanzo si ugonjwa; hata sisi tukijifungua huwa hivyo. Lakini usaha baada ya wiki ya tatu ni ugonjwa, na hapa wengi hudanganyika. Ng'ombe anakula, hana homa, maziwa yapo, ila kila akipandishwa anarudi kwenye joto baada ya siku 21, na fedha ya dume imepotea. Bwana mifugo anayo sindano ya homoni ya kusafisha kizazi, au dawa ya kuwekwa ndani. Akipona, apandishwe kuanzia siku ya 60 hivi tangu alipozaa.

Mimi ni muuguzi wa watu, si wa ng'ombe, na kinachonitia hofu zaidi ni mikono mitupu. Ng'ombe anayetupa mimba ikiwa kubwa, kisha kondo likakwama, huenda ana brusela. Vijidudu vyake vimo katika kondo, maji ya uzazi na maziwa mabichi. Mtu huugua homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya kiuno. Hutibiwa malaria mara tatu bila nafuu. Mjamzito anaweza kupoteza mimba, kwa hiyo asishike kazi hii kabisa. Wengine vaeni glavu, au hata mifuko ya plastiki isiyotoboka. Kondo lifukiwe shimo refu ambalo mbwa hawatalifukua, na maziwa yachemshwe. Ukienda zahanati na homa isiyopona, mwambie mganga kwamba unafuga.