Tundu la Kimelea cha Malaria na Maana Yake kwa Mgonjwa

Tuchukulie kwamba mama mmoja wa Kisiwa cha Juani, wilayani Mafia, amemrudisha mwanawe kwa mhudumu wa afya siku kumi baada ya kumaliza dawa mseto ya malaria. Homa imekwisha na mtoto anacheza, lakini kipimo cha haraka bado kinaonyesha mstari wa pili. Je, dawa imeshindwa? Jibu limo katika tundu dogo mno ambalo kimelea hulitengeneza ndani ya damu.

Kimelea cha Plasmodium falciparum, kinachosababisha malaria nyingi nchini Tanzania, kina seli moja tu na huishi ndani ya chembe nyekundu za damu. Kinapoingia humo hujizungushia mfuko wa utando mwembamba. Mfuko huo ni ngome, lakini ngome isiyo na mlango ingekuwa kaburi, kwani chakula kisingeingia wala taka zisingetoka. Kwa hiyo kimelea huutoboa utando huo kwa protini iitwayo EXP2. Molekuli saba za protini hiyo hushikana kwa duara na kuacha tundu katikati. Umbo lake lilidhihirishwa mwaka 2018 kwa hadubini ya elektroni.

Mifereji mingi ya utando wa seli hupitisha chembe ndogo za chumvi tu; tundu hili ni pana zaidi. Wavuvi watalifananisha na jicho la dema: kidogo hupita, kikubwa huzuiwa. Sukari, asidi za amino na molekuli nyingine zenye uzito usiozidi daltoni 1,400 hivi hupita zenyewe. Protini, kwa kuwa ni kubwa, huhitaji msaada. Hapo EXP2 huungana na protini nyingine mbili, PTEX150 na HSP101. HSP101 huikunjua protini inayosafirishwa hadi iwe kama uzi, kisha huipenyeza tunduni mfano wa uzi katika sindano.

Miongoni mwa protini zinazotolewa kwa njia hiyo, mbili zinamhusu sana mgonjwa. Ya kwanza ni HRP2, ambayo hatimaye huenea katika damu, nayo ndiyo inayotambuliwa na vipimo vingi vya haraka. HRP2 huweza kubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Basi mstari ule wa pili peke yake si ushahidi kwamba dawa imeshindwa. Lakini homa ikirejea, damu ichunguzwe kwa hadubini ili kuona kama vimelea vingalipo.

Ya pili ni PfEMP1. Hii hujitokeza juu ya chembe nyekundu na kuifanya ing'ang'anie kuta za mishipa midogo ya damu, hata ya ubongo, na kwa mjamzito, kondo la nyuma. Hiyo ni sababu mojawapo ya malaria kuwa kali.

Katika maabara, kimelea kilichonyimwa EXP2 au HSP101 hakistawi. Ndiyo maana watafiti wanatafuta namna ya kuliziba tundu hilo, ingawa hakuna dawa inayotumika leo kwa kazi hiyo. Tegemeo letu ni dawa mseto ya ALu: dozi sita kwa siku tatu, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, na zinazofuata asubuhi na jioni, siku ya pili na ya tatu. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, kwa mfano mchuzi wa nazi, ili dawa ifyonzwe vizuri. Homa aghalabu hushuka kabla vimelea havijaisha. Anayeacha dawa siku ya pili huviachia nafasi ya kuzaliana upya.

Degedege, kupoteza fahamu, kutapika kila kitu au kushindwa kunywa ni dalili za hatari. Kutoka Juani, safari ya hospitali ya wilaya iliyoko Kilindoni huanza kwa chombo cha baharini. Mgonjwa apewe artesuneti ya dharura kabla ya kuondoka: sindano, au kwa mtoto wa chini ya miaka 6, ile ya kuwekwa njia ya haja kubwa ikiwa sindano haipatikani. Kisha asafirishwe bila kuchelewa.