Jinsi ya kusoma mita ya umeme ya kizamani usije ukalizwa

Leo naongelea mita, maana mwezi uliopita nusura nilie.

Nyumba ninayopanga ina LUKU moja nje, halafu kila chumba kina mita ndogo ya kizamani, ile yenye kisahani kinachozunguka. Mwisho wa mwezi mzee mwenye nyumba anapita na daftari, unalipa kwa uniti. Mimi nikaambiwa uniti 412! Chumba kimoja, nina balbu, feni, tivii na pasi basi.

Nikapanda kwenye stuli na tochi ya simu. Mita inasoma 03228 kwa rangi nyeusi, halafu 6 ya mwisho ina rangi nyekundu. Hapo ndipo penye mchezo. Ile nyekundu ni sehemu ya kumi ya uniti, kwa hiyo ni 3228.6. Mzee kaandika 32286, na siku nahamia aliandika 31874. Hesabu ya kweli:

3228.6 – 3187.4 = 41.2

Yaani nilizidishiwa mara kumi! Uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja. Uniti 412 ni sawa na kuwasha pasi ya wati 1000 zaidi ya saa 13 kila siku, mwezi mzima. Nguo zipi hizo?

Sasa na wewe fanya hivi:

1. Andika namba siku unayohamia, mwenye nyumba akiwepo.
2. Soma kushoto kwenda kulia. Namba nyekundu, au iliyo baada ya nukta, usiihesabu kama uniti nzima. Kama zote ni nyeusi na hakuna nukta, soma zote.
3. Toa ya zamani kwenye mpya, zidisha kwa bei ya uniti.
4. Zima kila kitu chumbani. Kisahani kikiendelea kuzunguka, huenda kuna mtu kajiunga kwenye waya wako, au mita mbovu. Muite fundi, usiifungue mwenyewe.

Nikamfuata mzee taratibu: "Shikamoo baba, naomba tuangalie mita pamoja." Akavaa miwani, akacheka. Kumbe mita za wenzangu ni nyeusi tupu, yangu peke yake ndiyo ina nyekundu, na yeye kazoea kuandika zote. Akafuta, nikalipa 41.

Wewe ya kwako umeshawahi kuisoma? Nawakilisha.